Nyumba Hupotea Siku ya Kutia Saini, Si Siku ya Mnada



Wiki hii tumeona tuzungumze jambo linalogusa paa la kila familia, nalo ni nyumba iliyowekwa rehani. Si jambo la matajiri peke yao. Kutoka Maili Moja hadi Mlandizi, na kutoka Kisarawe mjini hadi Maneromango, ardhi ambayo wazee wetu waliihesabu kwa minazi na mikorosho leo inahesabiwa kwa mita za mraba. Wengi wetu tunatafuta riziki Dar es Salaam na kujenga huku Pwani, kwa kuwa kiwanja cha huku kingali kinashikika. Nyumba zenyewe tunazijenga tofali kwa tofali, kwa miaka kumi na zaidi, bila senti ya mkopo. Kisha inafika siku ambayo nyumba hiyo, iliyosimama bila deni, inapelekwa kuwa dhamana ya deni: mtaji wa duka, ada ya chuo, gari la abiria, au matibabu ya mzazi.

Marejesho yakikwama, hufuata notisi, na baada ya notisi hufuata dalali. Hapo ndipo familia nzima inapozinduka na kuuliza: je, twende mahakamani? Jibu letu ni kwamba mahakama ipo na haki ipo. Hata hivyo, ndugu zetu wengi huitafuta haki hiyo mahali ambapo imekwisha kupita. Nyumba haipotei siku ya mnada. Hupotea siku ile karatasi ilipotiwa saini bila kusomwa, na pengine bila mwenye haki kuulizwa.

Nchi yetu imewahi kupita katika msukosuko wa mikopo ya nyumba. Wasomaji wetu wenye umri mkubwa wataikumbuka Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972 ili kuwakopesha wananchi fedha za ujenzi. Mikopo ilitolewa, lakini marejesho hayakurudi ipasavyo, na usimamizi ulilegea. Mwaka 1991 Bunge lililazimika kuunda chombo maalumu cha kukusanya madeni mabovu ya mabenki ya umma, kilichojulikana kwa kifupi chake LART, kikiwa na baraza lake lenyewe la kusikiliza mashauri ya madeni hayo. Mwaka 1995 Benki ya Nyumba ikafungwa. Kwa zaidi ya miaka kumi baada yake, mkopo wa nyumba wa muda mrefu ulikuwa jambo adimu kabisa, na hiyo ni sababu mojawapo ya sisi kuwa wajenzi wa tofali moja moja.

Mlango ulifunguliwa tena kwa Sheria ya Mikopo ya Nyumba (Masharti Maalumu) ya mwaka 2008, iliyorekebisha Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999. Mwaka 2010 ikaanzishwa TMRC, kampuni inayoyapa mabenki fedha za muda mrefu ili nayo yaweze kukopesha wanaojenga na wanaonunua nyumba. Lengo la mabadiliko hayo, pamoja na mengine, lilikuwa kumpa mkopeshaji uhakika wa kurudishiwa fedha zake. Si lengo baya, kwani benki iliyofilisika haimsaidii mtu. Lakini mkopaji naye anapaswa kufahamu kwamba sheria iliyorahisisha kukopa ndiyo hiyo hiyo iliyorahisisha kuuziwa nyumba.

Mwaka huo huo wa 2008, soko la nyumba la Marekani lilikuwa limeporomoka na kuitikisa dunia nzima. Watu walikuwa wamekopeshwa fedha ambazo kila mwenye macho aliona hawawezi kuzilipa. Walipotolewa katika nyumba zao, mashauri yalijaa mahakamani, na humo ikabainika aibu kubwa: watumishi wa mabenki walikuwa wakitia saini maelfu ya viapo vya kuuza nyumba za watu bila kuvisoma. Sheria mpya ilipitishwa mwaka 2010, ikamtaka mkopeshaji ahakikishe kwanza kwamba mkopaji anao uwezo wa kulipa, na ikaunda ofisi ya kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha. Februari 2012, mabenki matano makubwa yalikubaliana na serikali ya nchi hiyo na majimbo 49 kutoa dola bilioni 25.

Fedha hizo ni nyingi mno. Hata hivyo, mtu aliyekwisha kupoteza nyumba yake, alipofikiwa na fungu lake katika makubaliano hayo, alipokea hundi ya karibu dola 1,500. Mabenki yalikubali kulipa, sheria ikarekebishwa, lakini nyumba haikurudi. Funzo kwetu ni hilo. Mahakama na sheria, zikichelewa, hulipa fidia. Mara nyingi hazirudishi paa.

Sasa turudi kwetu na tuangalie sheria ya Tanzania inampa nini mwenye nyumba, na inampa wakati gani.

Kwanza, kuna haki ya mke, au mume. Sheria ya Ardhi, katika kifungu cha 114, inasema rehani ya nyumba ya familia ni halali pale tu hati ya maombi inapotiwa saini, au inapothibitika kuridhiwa, na mkopaji pamoja na mwenzi wake au wenzi wake wanaoishi katika nyumba hiyo. Angalieni neno hilo la wingi. Mwenye wake wawili wanaoishi katika nyumba moja hawezi kumchukua mmoja akamwacha mwingine. Sheria inamtaka mkopaji aseme kweli kama ana mwenzi au hana, na inamtaka mkopeshaji achukue hatua za kuridhisha kuhakiki jambo hilo. Anayeapa kwa uongo anatenda kosa la jinai.

Pamoja na hayo, wako wanaume wanaoapa kwamba hawajaoa, na wako wanaompeleka mwanamke mwingine akatie saini mahali pa mke wa ndoa. Mashauri ya namna hii yamefika hadi Mahakama ya Rufani. Mke anayejitokeza baada ya nyumba kunadiwa hujikuta na kesi ngumu: benki itaonyesha kiapo cha mumewe, mnunuzi ataonyesha risiti, naye atatakiwa athibitishe kwamba benki haikufanya wajibu wake wa kuhakiki. Kosa ni la mume, lakini mzigo unamwangukia mke na watoto.

Kinga ya jambo hili ilikuwapo hata kabla ya Sheria ya Ardhi. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza mwanandoa kuuza, kutoa zawadi, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila idhini ya mwenzake, na kinamruhusu huyo mwenzake kuilinda haki yake kwa kuweka zuio la tahadhari. Kwa nyumba yenye hati, zuio hilo huwekwa kwa Msajili wa Hati. Mama mwenye sababu ya kuogopa asingoje kelele za mnada. Zuio lililowekwa kabla ya mkopo lina nguvu ambayo machozi ya baada ya mnada hayana.

Pili, kuna haki ya notisi. Mkopaji akishindwa kulipa, mkopeshaji anapaswa kumpa notisi ya maandishi inayoeleza kosa na kiasi kinachodaiwa, na haki ya kuuza hufunguka baada ya siku 60 tangu notisi ipokelewe. Mnada wa ardhi nao unahitaji tangazo la si chini ya siku 14, na sheria ya madalali inataka litolewe pia kwa njia inayoeleweka na asiyejua kusoma. Siku 60 ni nyingi kwa mwenye kuzitumia. Kwa bahati mbaya, wengi huificha notisi chini ya godoro wakiogopa kuaibika, mkewe asijue, wanawe wasijue, hadi dalali anapofika na kipaza sauti na kuwatangazia majirani wote.

Tatu, kuna haki ya bei. Mkopeshaji anayeuza hana ruhusa ya kuitupa nyumba ya mtu kwa bei ya bure. Kifungu cha 133 kinamtaka atafute bei iliyo bora kadiri inavyowezekana, na nyumba ikiuzwa kwa upungufu wa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya wastani ya soko, sheria inachukulia kwamba amevunja wajibu wake mpaka athibitishe vinginevyo. Na kinachobaki baada ya deni na gharama ni mali ya mwenye nyumba.

Lakini baada ya haki hizo kuna kifungu cha 135, ambacho tungependa kila familia ikijue. Mnunuzi wa mnada aliyenunua kwa nia njema analindwa. Aliyedhulumiwa katika uuzaji huelekezwa kudai fidia kwa aliyeuza. Na anayeomba zuio la muda ili mnada usifanyike lazima avuke vigezo vitatu ambavyo mahakama zetu zimevitumia tangu mwaka 1969: kwamba kuna hoja ya msingi ya kuamuliwa, kwamba atapata hasara isiyofidika kwa fedha, na kwamba yeye ataumia zaidi kuliko mwenzake zuio likikataliwa. Mkopaji anayekiri kwamba hajalipa huwa na njia nyembamba sana ya kupita hapo. Jibu analolisikia mara nyingi ni kwamba nyumba aliyoitoa mwenyewe kuwa dhamana ameikubali kuwa kitu chenye bei, na chenye bei hufidika.

Kwa nini watu wanaanguka? Tuchukue mfano wa hesabu. Ripoti za Benki Kuu zimekuwa zikionyesha riba za mikopo ya nyumba kati ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka. Familia ikichukua shilingi milioni 20 kwa asilimia 18 kwa miaka 15, rejesho la kila mwezi ni takriban shilingi 322,000. Katika rejesho la kwanza, shilingi 300,000 ni riba. Kinachopunguza deni ni shilingi 22,000 tu. Baada ya miaka mitano familia itakuwa imelipa zaidi ya shilingi milioni 19, na deni litakuwa lingali karibu milioni 17.9. Miaka 15 ikitimia, milioni 20 zimelipwa kwa karibu milioni 58. Hesabu hii inapaswa kufanyiwa mezani nyumbani, kwa kalamu, mbele ya mke na watoto wakubwa, kabla mtu hajapanda gari kwenda benki.

Kwa Muislamu, hesabu hiyo ina upande mwingine ulio mzito zaidi. Riba ni haramu, na hilo halihitaji maelezo marefu katika ukurasa huu. Lakini tusidhani kwamba rehani yenyewe ni haramu. Aya ya 283 ya Suratul Baqarah imeitaja, na inajulikana kwamba Mtume (s.a.w.) alifariki deraya yake ikiwa rehani kwa Myahudi wa Madina kwa ajili ya shayiri. Dini haikukataza dhamana. Imekataza dhuluma, na imeweka adabu.

Adabu hiyo imo katika aya inayotangulia, ya 282, ambayo ni ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, nayo inazungumzia deni. Deni liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, wawepo mashahidi, na anayetoa imla awe ni yule anayedaiwa. Akiwa hawezi, msimamizi wake amsemee kwa uadilifu. Tulizingatie hilo. Maneno ya mkataba yanatoka kinywani mwa mdaiwa, kwa sababu yeye ndiye atakayebanwa nayo, na mtu hawezi kutamka asichokifahamu. Linganisheni na tunayoyafanya leo. Mkataba umeandikwa na mkopeshaji, mara nyingi kwa Kiingereza, kurasa kumi na kitu; mdaiwa anaonyeshwa kwa kidole pa kutia saini, naye anatia saini huku akiwaza fedha zitaingia lini. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Basi mkopaji asione haya kudai aelezwe mkataba wake kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu, kabla ya kushika kalamu.

Wapo watakaosema: sisi tunakwenda benki ya Kiislamu. Ni jambo la heri. Tangu Amana Bank ilipofungua milango mwaka 2011, na mabenki mengine yakafungua madirisha yanayofuata sharia, Muislamu amepata njia isiyo ya riba. Katika murabaha, benki hununua kitu na kumuuzia mteja kwa faida iliyotajwa tangu mwanzo, na deni halizai deni. Lakini huko nako dhamana huwekwa, na mwenye kushindwa kulipa nyumba yake inaweza kuuzwa kwa sheria ile ile. Neno halali juu ya mlango halimwondolei mtu wajibu wa kusoma, wala halimwondolei wajibu wa kumshauri mkewe.

Tunaona pia haja ya kuzitahadharisha familia za vijijini, hasa upande wa Kisarawe, ambako ardhi kubwa ni ya vijiji na ya urithi. Mashamba mengi yangali kwa jina la babu aliyefariki zamani, na mirathi haijagawanywa. Ndugu mmoja anayeshika karatasi huichukua na kuiweka dhamana kana kwamba ni yake peke yake, ilhali humo mna fungu la dada zake, la shangazi zake na la mayatima. Hii ni dhuluma katika dini na ni mgogoro katika sheria. Mirathi ifunguliwe, msimamizi ateuliwe, madeni ya marehemu yalipwe, kila mwenye fungu apewe lake. Familia inayoona hatari iandike barua kwa halmashauri ya kijiji na kuweka nakala katika masjala ya ardhi ya kijiji, ili asiwepo wa kusema hakujua.

Na kuna wakopeshaji wa mitaani, wale ambao mikopo yao watu wameipa jina la kausha damu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewaweka chini ya usimamizi wa Benki Kuu na kuwataka wawe na leseni. Asiye na leseni asipewe karatasi ya kiwanja chako hata kwa dakika moja. Na jihadharini na hati ambayo kichwa chake kimeandikwa mauziano wakati nyinyi mmekwenda kukopa. Aliyetia saini mauziano atapata kazi kubwa kuieleza mahakama kwamba hakuuza.

Tumalizie kwa yale ambayo kila nyumba inaweza kuyafanya. Mkopo unaogusa nyumba ujadiliwe na familia nzima, na mama apewe nafasi ya kusema hapana bila kutishwa. Mkataba upelekwe kwa wakili au kwa ofisi ya msaada wa kisheria kabla ya saini, si baada yake. Nakala ibaki nyumbani, na kila risiti ya marejesho iwekwe pamoja nayo. Mzazi anayeombwa nyumba yake iwe dhamana ya biashara ya mwanawe aulize swali moja: biashara hii ikifa kesho, nitalala wapi? Na hali ikibadilika, mkopaji aende mwenyewe kwa mkopeshaji kabla ya notisi, aombe marejesho yapangwe upya, na maombi yake yawe ya maandishi. Akiona amedhulumiwa na asisikilizwe, Kanuni za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019 zinamruhusu kulalamika Benki Kuu.

Kwa wanaodai, nao tuna neno. Aya ya 280 ya sura ile ile inamtaka mdai amvutie subira mdaiwa aliyebanwa na dhiki, na inauhesabu msamaha kuwa ni sadaka. Katika mitaa yetu wapo Waislamu wanaowadai Waislamu wenzao. Kabla ya kumwita dalali, tujiulize kama tumeitii aya hiyo.

Wiki hii, baada ya swala ya Isha, tunaomba kila baba atoe bahasha yenye karatasi za nyumba, aifungue mbele ya mkewe, na wazisome pamoja: jina la nani limeandikwa humo, saini za nani zimo, na kama lipo deni lolote juu yake. Bahasha hiyo ina haki ya watu wengi, na mwenye haki ana haki ya kujua.

Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu, atuepushe na uzito wa madeni, na awape wepesi walio katika dhiki. Amin.

Wabillahi tawfiq.